Sola na TANESCO katika nyumba moja: fyuzi inunuliwe kabla ya betri

MSIMU wa kahawa unapokolea wilayani Mbinga, fedha za mauzo huwa hazikai mfukoni siku nyingi. Ada za shule, mabati na saruji huchukua fungu lao kwanza. Kinachobaki, kwa miaka ya karibuni, sehemu yake huishia katika maduka ya vifaa vya umeme, kwenye paneli za sola, betri na inveta. Hali ni hiyo hiyo katika kata ya Ruanda, ambako makaa ya mawe ya Ngaka yanachimbwa, na hata kule chini ufukoni mwa Ziwa Nyasa, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, ambako fedha ni za usipa badala ya kahawa.

Bidhaa hizo si ngeni. Kigeni ni aina ya nyumba zinakofungwa. Zamani sola ilikuwa ya nyumba isiyo na umeme kabisa: paneli moja juu ya bati, betri ya gari pembeni mwa kitanda, taa tatu na redio. Leo paneli inapandishwa juu ya nyumba ambayo tayari ina waya wa TANESCO na mita ya LUKU ukutani. Mwenye nyumba anataka vyote viwili, umeme wa shirika unapokuwepo na umeme wa betri unapokatika. Hakuna ubaya katika kutaka hivyo. Ubaya upo katika namna vyote viwili vinavyoungwa kwenye nyaya zile zile, kwa haraka, na fundi ambaye amezoea kazi ya aina moja tu.

Jinsi njia mbili zilivyokutana

Mbinga, pamoja na Nyasa iliyotengwa nayo kuwa wilaya mwaka 2012, ilikaa nje ya gridi ya taifa kwa muda mrefu. Mji wa Mbinga na Songea ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Baadaye ziliongezeka mashine ndogo za maji, kama ile ya masista Wabenediktini wa Chipole huko Tulila katika mto Ruvuma. Msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, uliojengwa kwa msaada wa Sweden, ndio uliobadilisha mambo ulipoanza kazi mwaka 2018. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ikafuata na nguzo zake, na ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ikawekwa shilingi 27,000.

Matokeo yake ni kwamba nyumba nyingi zilipata umeme wa shirika zikiwa tayari na sola. Wachache waliitupa. Wengi waliiacha mahali pake, na baadhi wakaiongezea ukubwa, hasa baada ya mgao wa umeme wa mwaka 2023. Hata baada ya bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwaka 2024, ambapo taifa lilipata umeme wa kutosha, laini ndefu ya kijijini bado hukatwa na mti ulioanguka au na radi. Kwa hiyo betri inaendelea kununuliwa.

Breka inalinda waya

Wanunuzi wengi hudhani kwamba breka iliyo kwenye meini swichi imewekwa kulinda televisheni au friji. Sivyo. Breka imewekwa kulinda waya uliofichwa ukutani usipate joto la kuunguza mpira wake. Waya wa milimita 2.5 za mraba, ambao ndio wa kawaida kwenye soketi, hubeba takriban ampea 20 hadi 27 bila matatizo, kutegemea umezikwa kwenye plasta au umepitishwa nje ya ukuta. Ndiyo maana hufungiwa breka ya ampea 20. Mzigo ukizidi, breka inaanguka, na waya unapona.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa sharti moja, kwamba umeme wote unaoingia kwenye waya huo unapitia kwenye breka hiyo. Mwenye nyumba anapoongeza njia ya pili ya umeme katikati ya waya, sharti limevunjika.

Chukua mfano wa inveta ya kilowati 3, ya aina inayolandana na gridi, iliyoungwa kwenye soketi ya sebuleni kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na dirisha. Inveta hiyo inaweza kusukuma ampea 13. Breka nayo inaruhusu 20. Jumla ni 33. Soketi za chumbani, jikoni na uani zikivuta ampea 33 kwa pamoja, yaani jiko la umeme, pasi na birika, kuna kipande cha waya baada ya sebule kinachobeba mzigo wote huo. Breka haioni kitu, kwa kuwa kwake zimepita 20 tu. Joto la waya hupanda kwa mraba wa ampea. Ampea 33 badala ya 20 ni joto la karibu mara 2.7. Mpira unaanza kulainika ndani ya ukuta, kimya kimya, na hakuna kinachoanguka.

Dawa yake ni rahisi na haina ubishi miongoni mwa mafundi wa nchi yoyote. Umeme wa inveta usiingie kwenye soketi. Uende kwa waya wake wenyewe, wenye breka yake yenyewe, moja kwa moja hadi kwenye ubao wa breka. Na pale kwenye ubao, ile shaba inayogawa umeme kwa breka zote nayo ina kikomo chake. Jumla ya breka kuu na breka ya inveta isizidi kikomo hicho.

Wapo watakaouliza mbona Ujerumani watu huchomeka paneli za roshani kwenye soketi ya kawaida. Ni kweli, na sheria inawaruhusu. Lakini tangu mwaka 2024 inveta za aina hiyo zimewekewa mpaka wa wati 800, ambazo ni ampea tatu na nusu tu, kiasi ambacho waya mzima unaweza kukimeza katika akiba yake. Tena inveta hizo hujizima zenyewe mara plagi inapochomolewa au gridi inapokatika. Anayenunua inveta ya kilowati 3 Mbinga na kuiga Wajerumani ameiga nusu ya jambo.

Inveta isiyolandana na gridi, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, haifai hata kukaribishwa karibu na waya wenye umeme wa TANESCO. Ikikutana nao uso kwa uso huungua papo hapo, mara nyingi kwa mlipuko mdogo na moshi mwingi. Hakuna duka litakalopokea mashine ya namna hiyo irudi.

Plagi ya vichwa viwili

Umeme unapokatika usiku, kuna njia ya mkato inayojulikana hata kwa wasio mafundi. Unatengenezwa waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja unachomekwa kwenye inveta au jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Mwenye nyumba huambiwa azime meini swichi kwanza. Siku akisahau, au mtoto akiiwasha, mambo mawili hutokea.

La kwanza ni la nyumbani. Mtu akichomoa plagi upande mmoja, vile vijiti vya chuma vilivyobaki mkononi mwake vina volti 230. Plagi iliundwa ili vijiti vyake visiwe na umeme kamwe vikiwa nje ya soketi. Waya huu umegeuza mpango huo juu chini.

La pili ni la barabarani. Umeme unatoka nyumbani, unarudi kwenye nguzo na kufika kwenye transfoma ya kijiji. Transfoma haijui kwenda wala kurudi. Inayopunguza kutoka volti 33,000 hadi 230 ndiyo hiyo hiyo itakayopandisha kutoka 230 hadi 33,000 ikilishwa kwa upande wa nyuma. Wapo wanaobisha kwamba inveta ndogo haiwezi kuwasha kijiji kizima, na kwa sehemu wana haki: mara nyingi mizigo ya majirani huielemea na ikajizima. Lakini laini ikiwa imekatika karibu na nyumba, au fundi amechomoa fyuzi za transfoma ili afanye kazi, mizigo ya kuielemea haipo. Inveta itabaki inawaka vizuri, na waya ulioanguka shambani, ambao kila mtu anaamini umekufa, una umeme. Mafundi wa laini hufundishwa kupima kila waya na kuuunganisha na ardhi kabla ya kuushika. Mtoto anayepita shambani akielekea shule hajafundishwa hivyo.

Kinachotakiwa ni swichi ya kubadilisha njia, ambayo mafundi huiita chenjiova. Ina nafasi tatu: TANESCO, katikati kusiko na kitu, na inveta. Kwa umbo lake haiwezi kushika pande mbili kwa wakati mmoja, hata mtumiaji awe na usingizi. Mnunuzi ahakikishe inakata waya wa moto na nyutro vyote viwili. Zipo za bei ya chini zinazokata waya wa moto peke yake na kuacha nyutro za pande mbili zimeungana. Hizo ziachwe dukani.

Walio na uwezo wa kuongeza kidogo wangefanya vyema zaidi kutenga ubao wa pili mdogo. Taa, soketi ya televisheni, chaji za simu na friji vihamishiwe huko, na ubao huo ndio uwe nyuma ya chenjiova. Pasi, jiko, birika na pampu vibaki kwenye ubao wa zamani, ambao betri haiufikii kabisa. Namna hii betri haielemewi, na ugomvi wa nani aliwasha pasi wakati wa betri unakwisha wenyewe.

Kuhusu wanaotarajia kuuza umeme unaobaki, utaratibu wa kubadilishana umeme na shirika upo kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2018 chini ya Sheria ya Umeme ya 2008. Unahitaji mkataba na mita inayofaa. Anayerudisha umeme kwenye gridi bila hayo hapati kitu. Mita nyingi za kulipia kabla huhesabu umeme unaorudi kana kwamba umetumika, nyingine hujifunga. Uniti zitaondoka jua likiwaka, na mwenye nyumba atalaumu LUKU.

Kidude cha kuzuia shoti ambacho hakizuii

Nyumba zilizofanyiwa wayaringi vizuri zina kifaa kinacholinganisha umeme unaotoka kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika elfu thelathini kwa milioni ya ampea, yaani miliampea 30, kinakata kwa kasi inayookoa uhai. Tofauti hiyo ina maana kwamba umeme unavujia mahali, pengine kwenye mwili wa mtu.

Ili kifaa hicho kifanye kazi, umeme uliovujia ardhini lazima uwe na njia ya kurudi ulikotoka. Kwa umeme wa TANESCO njia ipo, kwa sababu nyutro imeunganishwa na ardhi pale kwenye transfoma. Chenjiova inapohamia kwenye inveta, uhusiano na transfoma umekatwa. Kama nyutro ya inveta haijaunganishwa na ardhi popote, umeme unaovuja hauna pa kurudi, tofauti haionekani, na kifaa kinakaa kama kilivyo. Friji yenye hitilafu inaweza kubaki na bodi iliyogusana na waya wa moto kwa miezi bila dalili. Hitilafu ya pili ikitokea kwenye waya mwingine, mzunguko unakamilika kupitia kwa yeyote aliyeshika vitu hivyo viwili.

Inveta nzuri zina swichi ya ndani inayounganisha nyutro na ethi pale tu zinapofanya kazi kwa betri, na kuachia umeme wa shirika unaporudi. Isiyokuwa nayo inahitaji fundi afanye muunganisho huo upande wa inveta wa chenjiova. Usiwe muunganisho wa kudumu kwenye ubao unaotumika na TANESCO pia, kwa maana hapo kifaa kitaanza kuanguka ovyo, na mwenye nyumba mwishowe atakiondoa kwa hasira.

Kipo kitufe cha majaribio juu ya kifaa hicho, na watu hukibonyeza, kikaanguka, wakaridhika. Kitufe hicho kinajaribu chombo chenyewe tu. Kitaanguka hata kama ile fimbo ya ethi uani iling'olewa na aliyekuwa akipanda migomba. Ethi hupimwa kwa mita ya ethi, si kwa kitufe.

Volti 12 na moto wake

Betri ya volti 12 haimpigi mtu shoti, na hilo limewafanya wengi kuidharau. Wangetazama ampea. Inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi kwa ukamilifu hutoa kiasi cha ampea 4 hadi 5 upande wa volti 230. Upande wa betri, ukihesabu na kinachopotea ndani ya mashine, huvuta ampea 93 hivi. Hakuna waya mwingine katika nyumba hiyo unaobeba mzigo wa namna hiyo.

Sasa fikiria fundi aliyekuwa na masalio ya waya wa milimita 4 za mraba akautumia kutoka kwenye betri hadi kwenye inveta, mita tano kwenda na tano kurudi. Shaba ya urefu na unene huo, ikipitiwa na ampea 93, hupoteza volti 4 na kutoa joto la karibu wati 380. Ni sawa na kupitisha jiko dogo la umeme nyuma ya kabati. Kabla waya haujaungua, inveta itakuwa inalia kwamba betri imeisha, na mwenye mali atarudi dukani kununua betri nyingine. Tatizo halikuwa betri. Kwa waya wa milimita 25 za mraba, na betri ikawekwa mita moja tu kutoka kwenye inveta, kinachopotea ni wati 12. Waya mnene ni ghali kwa mita, lakini mita zinazohitajika ni mbili.

Waya huo lazima uwe na fyuzi, na fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, umbali wa shubiri moja hivi. Ikiwekwa mwisho wa waya, karibu na inveta, waya wote uliotangulia hauna ulinzi. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 ikipata shoti hutoa zaidi ya ampea elfu moja kwa mara moja. Spana iliyoangukia vichwa viwili inaweza kuwa nyekundu kabla haijaondolewa, na pete kidoleni vilevile. Wenye kufunga betri wavue pete na saa.

Fyuzi na breka za upande wa betri na paneli ziwe zimeandikwa kwamba ni za mkondo mnyoofu. Wauzaji wengi, na baadhi ya mafundi, huona breka ni breka. Umeme wa TANESCO ni mkondo geu. Hufika sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayozuka breka inapofunguka hufa yenyewe ikifika sifuri. Umeme wa paneli na betri haufiki sifuri. Cheche ikishazuka kati ya vyuma viwili huendelea kuwaka kama ya mchomeleaji, mpaka plastiki ya breka inayeyuka. Breka ya meini swichi iliyopachikwa kwenye laini ya paneli nne au tano zilizofuatana itaonekana inafanya kazi mpaka siku itakapotakiwa kukata.

Paneli zilizounganishwa kwa mistari mitatu au zaidi sambamba zinahitaji fyuzi kila mstari, kwa kuwa mmoja ukipata hitilafu, ile mingine itaulisha. Kwa mistari miwili si lazima.

Baridi ya Matengo na joto la ziwa

Hapa wilaya hizi mbili zina jambo ambalo vijitabu vya kiwandani havilieleze. Volti iliyoandikwa nyuma ya paneli ilipimwa katika nyuzi 25 za Selsiasi. Paneli ikipoa, volti yake hupanda, karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya Juni au Julai katika milima ya Umatengo ni baridi, na jua la kwanza hupiga paneli ambayo bado haijapata joto.

Mtu mwenye kontrola ya chaji iliyoandikwa volti 100, akafunga paneli mbili za volti 49.5 mfululizo, amepata volti 99. Karatasini ameponea chupuchupu. Asubuhi ya nyuzi 10 zimekuwa volti 103, na kontrola inakufa. Muuzaji atasema ni radi. Mnunuzi wa Mbinga mjini au vijiji vya juu aache akiba ya angalau asilimia 10 kati ya jumla ya volti za paneli na kikomo cha kontrola.

Mambo hugeuka mtu akiteremka ziwani, ambako uso wa maji uko mita 475 tu hivi juu ya usawa wa bahari na joto ni la kweli. Paneli hazina shida huko, isipokuwa hutoa kidogo pungufu. Anayeumia ni betri. Kwa betri za asidi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Betri iliyowekwa chini ya bati lisilo na dari Mbamba Bay haiwezi kumaliza miaka iliyoahidiwa na muuzaji, hata kama alisema kweli. Iwekwe chumba chenye kivuli na hewa, chini sakafuni juu ya ubao, mbali na jiko.

Hewa ni muhimu kwa sababu nyingine. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba inaweza kulipuka kwa cheche moja. Hatari yenyewe ni pale betri ikileta matatizo usiku, taa zikazimika, na mtu akaingia kuitazama akiwa na kibatari.

Betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti, zinazoshika soko kwa kasi, hazitoi gesi hiyo katika matumizi ya kawaida na ni tulivu kuliko aina za lithiamu za simu na kompyuta. Zina kidhibiti ndani kinachozikata zikizidiwa. Lakini kontrola ya zamani iliyopangwa kwa betri ya asidi, hasa yenye kipindi cha kusawazisha kinachopandisha volti juu ya 15, lazima ibadilishwe mpangilio au iuzwe. Kuchanganya betri ya lithiamu na ya asidi kwenye vichwa vile vile, au mpya na kuukuu, ni kutupa fedha za ile nzuri. Betri zilizotengenezwa mtaani kwa seli za kompyuta chakavu, ambazo bei yake huvutia, hazifai kulala ndani ya nyumba yenye watu.

Radi nayo haijasahaulika na yeyote anayeishi milimani huko kuanzia Novemba hadi Aprili. Fremu ya paneli, ethi ya inveta na ethi ya meini swichi viunganishwe pamoja. Mafundi wengine huchimbia paneli fimbo yake pekee upande wa pili wa nyumba wakidhani wameongeza usalama. Radi ikipiga karibu, fimbo mbili zisizounganishwa huwa na volti tofauti, na tofauti hiyo hupita kwenye inveta.

Dukani na kwa fundi

Tatizo la soko lenyewe ni namna bidhaa hizi zinavyouzwa. Mnunuzi hupewa bei ya seti: paneli, betri, inveta, pengine na taa. Fyuzi, chenjiova, breka za mkondo mnyoofu, waya mnene na fimbo ya ethi havimo, kwa sababu vikiwekwa bei ya seti itaonekana kubwa kuliko ya duka jirani. Muuzaji anayeviweka anaonekana mwizi. Mnunuzi mwerevu hulinganisha bei baada ya kuviongeza kwa maduka yote mawili, na kama fedha haitoshi hupunguza ukubwa wa betri. Betri inaweza kuongezwa msimu ujao. Ukuta ulioungua hauongezwi.

Alama ya Shirika la Viwango, TBS, itafutwe, ingawa peke yake haitoshi kwa kazi iliyofungwa vibaya. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayotoa leseni za wayaringi kwa madaraja, na mnunuzi ana haki ya kuiona kabla ya kulipa arubuni. Swali moja linatosha kumpima: chenjiova ikiwa upande wa inveta, nyutro inashikana na ardhi wapi? Anayejibu kwa kuonyesha kwa kidole anaijua kazi. Anayecheka swali atafutiwe kazi nyingine.

Kazi ikiisha, karatasi ibandikwe kando ya mita ya LUKU, kwa herufi kubwa, ikisema nyumba ina umeme wa aina mbili na swichi ya betri iko wapi. Fundi wa TANESCO anayekuja kubadilisha mita huzima breka kuu na kuamini amemaliza. Zimamoto na majirani wenye ndoo nao wajue kwamba paneli haina swichi ya kuzima jua. Mchana, waya unaoshuka kutoka juu ya bati hadi kwenye breka yake una umeme muda wote, hata kila kitu chini kikiwa kimezimwa. Na baada ya mwezi mmoja fundi arudi akaze nati za vichwa vya betri, kwani shaba hulegea ikipata joto na kupoa, na nati iliyolegea kwenye ampea 93 huanza kuungua hapo hapo. Malipo ya siku hiyo yaandikwe kwenye makubaliano ya mwanzo, la sivyo hatarudi.